Muziki mnene, betri mfu: Kabla hujaruhusu sabufa kwenye gari la nyumbani

SAA tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, mama mkwe wangu aligonga mlango wa chumba chetu akisema kifua kinambana na mkono wa kushoto umekufa ganzi. Bibi ana shinikizo la damu, na nyumba yetu iko ndani kidogo, mwendo wa dakika 20 kwa miguu hadi kwenye lami. Baba watoto alichukua funguo, mimi nikamfunga bibi khanga ya pili mabegani, tukamtoa taratibu na kumketisha kiti cha mbele. Ufunguo ukazungushwa. Gari likajibu: tik, tik, tik. Taa za dashibodi ziliwaka kama kibatari kinachoishiwa mafuta, kisha zikafifia.

Mara ya pili, tik moja. Mara ya tatu, kimya. Gari letu ni la gia za otomatiki, kwa hiyo hata tungeamsha mtaa mzima kulisukuma lisingewaka. Aliyetuokoa ni kijana wa bajaji anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Aliamka, akavaa fulana ndani nje, akatupeleka hospitali. Presha ya bibi ilikuwa juu sana. Alilazwa siku mbili, akapewa dawa, akarudi. Yupo, anaendelea vizuri, na kila siku analalamika kwamba chumvi imepungua kwenye mboga. Lakini zile dakika tulizopoteza uani tukihangaika na gari lililokufa, mimi bado nazihesabu.

Asubuhi yake nyumba iligawanyika. Baba watoto alisema betri imezeeka, ingawa ilikuwa na miezi minane tu. Mimi nilimtazama kijana wetu wa pili, mwenye miaka 20, na yeye akatazama chini. Wiki tatu kabla alikuwa amefunga muziki kwenye gari: redio mpya, amplifaya, na sabufa ya inchi 12 iliyojaza nusu ya buti. Fedha ilikuwa yake, aliidunduliza alipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Fundi aliifanya kazi ile chini ya mwarobaini kwa muda wa saa tatu, akachukua chake, akaondoka.

"Mama, njoo usikilize hii besi," aliniita siku ile. Nikiri kosa langu: niliipenda. Vioo vilitetemeka, kuku wa jirani walikimbia, na Jumamosi tuliyokwenda sokoni mimi nilikuwa kiti cha nyuma nacheza mabega. Tangu siku hiyo dalili zilikuwepo, na sote tuliziona. Besi ikipiga usiku, taa za mbele zinapepesa. Ukikanyaga mafuta, spika zinatoa mluzi mwembamba unaopanda pamoja na injini. Asubuhi gari linachelewa kuwaka, linazunguka kivivu kabla ya kushika. Hakuna aliyeuliza.

Sasa baba mtu anataka kila kitu king'olewe na kuuzwa. Kijana anaapa kwamba muziki hauna kosa. Walikaa siku mbili hawasalimiani vizuri, na ndipo nilipomtafuta fundi mwingine, mzee mmoja aliyefanya kazi ya umeme wa magari miaka mingi na ambaye sasa hufuata wateja majumbani. Alikuja na testa, kigoda na chupa ya chai. Nilikaa naye uani kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na kijana wetu alikuwa msaidizi wake. Aliyotuonyesha ndiyo nataka tuyazungumze leo, kwa sababu nina hakika uani kwa msomaji wangu kuna gari kama letu, au kuna kijana anayedunduliza fedha.

Simtanki, pampu na bomba

Mzee alianza kwa kumuuliza kijana: umeme wa muziki wako unatoka wapi? Kijana akajibu, kwenye betri. Mzee akatikisa kichwa.

Alitumia mfano wa maji, na mimi ninayeishi kwa mgawo wa maji nilimwelewa mara moja. Betri ni simtanki. Kazi yake kubwa ni kumwaga maji mengi kwa sekunde chache ili kuamsha injini, basi. Injini ikishawaka, anayehudumia gari zima ni alteneta, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini. Hiyo ndiyo pampu. Inalisha taa, kiyoyozi, pampu ya mafuta, plagi, redio, na kinachobaki inarudisha kwenye simtanki. Pampu ikizidiwa, simtanki inaanza kushuka bila wewe kujua, kwa sababu maji bado yanatoka bombani. Utajua siku utakayohitaji mengi kwa mpigo. Kwetu ilikuwa saa tisa usiku.

Kipimo cha haya yote ni volti, na ni rahisi kuliko kupima presha ya bibi. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 iko hoi. Injini ikiwaka, namba inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, hiyo ni alteneta ikifanya kazi. Ikibaki pale pale kwenye 12 na kitu, alteneta haichaji. Ikivuka 15, kidhibiti chake kimeharibika na kitaivuta betri na taa zako kaburini. Yetu asubuhi ile ilisoma 11.6.

Sasa upande wa matumizi. Kijana alileta boksi la amplifaya kwa fahari. Limeandikwa wati 2,000 kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Mzee hakulisoma. Aligeuza amplifaya yenyewe, akatazama fyuzi zilizochomekwa ubavuni: mbili, kila moja ampea 20. Jumla 40. Akamwambia kijana achukue simu apige hesabu. Ampea 40 mara volti 13.8 ni wati 552. Hizo ndizo zote zinazoweza kuingia kabla fyuzi hazijakatika, na amplifaya ya aina ile, inayochemka kama jiko, hupoteza karibu nusu kuwa joto. Kinachofika kwenye spika ni wati 300 hivi. Zile 2,000 ni za boksi.

Kijana alinyamaza kidogo, nikamwonea huruma. Lakini kwa gari ni habari njema, kwa sababu wati 2,000 za kweli zingehitaji ampea zaidi ya 250, na hakuna gari dogo la familia lenye alteneta ya kulisha hiyo. Nyingi ni kati ya ampea 60 na 100. Namba huwa kwenye kibandiko cha alteneta yenyewe. Ukinunua amplifaya, mzee anasema, acha namba kubwa ya mbele, tafuta inayoitwa RMS, ambayo ndiyo nguvu ya kudumu, kisha ilinganishe na fyuzi. Zikipishana sana, umeuziwa karatasi. Na zile za daraja D, zinazopoteza umeme kidogo na kuwa na mwili mdogo, ndizo rafiki wa alteneta ndogo.

Kwa nini basi waya wa gari uwe mnene hivyo wakati pasi ya nyumbani ina waya mwembamba? Hili lilikuwa swali langu mwenyewe na nilijivunia kuliuliza. Pasi ya wati 1,000 kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 huvuta ampea 4 na kidogo. Wati 1,000 hizo hizo kwenye gari la volti 13.8 huvuta ampea 72. Volti zikiwa ndogo, ampea lazima ziwe nyingi, na ampea ndizo zinazochemsha waya.

Kilichokutwa chini ya zulia

Hapo mzee akainua zulia la upande wa dereva, na ndipo asubuhi ilipobadilika.

Waya mwekundu uliotoka kwenye betri hadi amplifaya kule kwenye buti, urefu wa mita 5 hivi, ulikuwa wa milimita 2.5 za mraba. Huo ni waya wa soketi za nyumbani. Ukipitisha ampea 30 kwenye waya huo kwa umbali huo, zaidi ya volti moja inapotelea njiani na kugeuka joto chini ya zulia, chini ya miguu ya watoto. Amplifaya inayopokea umeme uliopungua inakwaruza sauti, mwenye gari anaongeza sauti ili asikie vizuri, na mambo yanazidi kuharibika.

Hilo lilikuwa dogo. Waya ulipotoka kwenye injini kuingia ndani ulipitishwa kwenye tundu la bati bila kipande cha mpira. Wiki tatu za matuta na mashimo yetu zilikuwa zimeanza kuula. Plastiki imekwaruzwa mpaka shaba inang'aa. Na kule mbele, kwenye betri, waya ulikuwa umefungwa moja kwa moja. Hakuna fyuzi.

Mzee aliacha kazi, akanywa chai kwanza. Kisha akamweleza kijana, polepole, kama anamsomea mashtaka. Bati lote la gari ni hasi. Siku shaba ile ingegusa bati, betri ingemwaga mamia ya ampea kwenye waya ule mwembamba, na waya ungekuwa mwekundu kama koili ya jiko ndani ya sekunde chache, huku umelala juu ya zulia na sponji za viti. Kuzima redio kusingesaidia. Kuzima gari kusingesaidia, maana waya umeungwa kwenye betri yenyewe. Fyuzi za ubavuni mwa amplifaya zisingesaidia pia, kwa sababu ziko mwisho wa safari na shoti iko mwanzo.

Fyuzi kuu inakaa karibu na betri, isizidi shubiri mbili kutoka kwenye kichwa chanya, yaani sentimita 45 hivi, ili kipande cha waya kisicho na ulinzi kiwe kifupi iwezekanavyo. Na ukubwa wake unafuata waya: isizidi ampea ambazo waya unaweza kubeba. Fundi anayekuwekea fyuzi ya ampea 100 kwenye waya wa kubeba 40 "ili isikatike katike" ameondoa mlinzi na kuweka sanamu. Ukiona fyuzi inakatika mara kwa mara, inakueleza jambo. Usiifunge kwa karatasi ya fedha ya sigara. Najua mtu aliyefanya hivyo kwenye daladala lake. Simtaji, ni shemeji.

Sitaandika mengi kuhusu baba watoto alipoonyeshwa ule waya. Aliugusa kwa kidole, akaenda kukaa barazani.

Kwa nini betri ilikufa gari likiwa limelala

Waya ule haukuwa umeshika moto bado, kwa hiyo haukuwa chanzo cha usiku wetu. Mzee aliendelea kutafuta. Aliitia betri chaji ya kutosha, akafungua kichwa hasi, akaunganisha testa katikati ili umeme wote unaotoka upite humo, akafunga milango, akasubiri. Gari lililolala linaruhusiwa kunywa kidogo tu kwa ajili ya saa, alamu na kumbukumbu za kontrol boksi: ampea 0.05 au chini yake. La kwetu lilikuwa linakunywa 0.8.

Piga hesabu nami. Tuliegesha Jumamosi saa saba mchana. Hadi Jumatatu saa tisa usiku ni saa 38. Mara 0.8 ni ampea-saa 30, kutoka kwenye betri yenye ampea-saa 45 ambayo nayo haikuwa imejaa. Hata mtoto wa darasa la sita angetabiri ile tik, tik, tik.

Aliyekuwa anakunywa ni amplifaya, na kosa lilianzia kwenye redio. Hapa kuna historia inayotuhusu sisi tunaoagiza magari yaliyotumika Japani. Redio za FM za magari mengi ya kule hukamata masafa ya kati ya megahezi 76 na 90, na vituo vyetu hurusha kati ya 88 na 108. Gari linafika bandarini likisikia vituo vya chini tu. Kwa hiyo karibu kila mwenye gari huweka kifaa cha kuongeza masafa au kubadilisha redio, na hapo ndipo waya wa gari hukatwa kwa mara ya kwanza, mara nyingi kwa meno.

Redio mpya za dukani huja na waya wa njano wa umeme wa kudumu, unaotunza saa na vituo. Mwekundu unaopata umeme ufunguo ukiwashwa tu. Mweusi wa hasi. Na wa bluu wenye mstari mweupe, ambao kazi yake ni kuiamsha amplifaya redio ikiwashwa na kuilaza ikizimwa. Rangi za waya wa gari lenyewe si lazima zifanane na hizo, kwa hiyo fundi mwaminifu hupima kwa testa, habahatishi. Wa kwetu alisokota mwekundu na njano pamoja ili redio iwake hata bila ufunguo, na waya wa kuamsha amplifaya akauchomeka kwenye fundo hilo hilo. Kijana mwenyewe alikuwa ameomba, ili aweze kupiga muziki gari likiwa limezimwa. Kwa hiyo amplifaya haikulala hata usiku mmoja kwa wiki tatu.

Kosa la tatu lilikuwa ule mluzi. Waya wa hasi wa amplifaya ulikuwa umebanwa kwenye boliti ya kiti, juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Hasi hutaka bati lililokwanguliwa mpaka ling'ae, waya mnene sawa na ule wa chanya, na safari fupi isiyozidi nusu mita. Boliti ya mkanda wa usalama usiiguse kabisa. Ile ina kazi ya kuokoa mtu. Hasi ikiwa mbovu, umeme hutafuta njia nyingine kupitia nyaya za sauti, na kelele ya alteneta inaingia kwenye spika. Nyaya za sauti nazo zipite upande mmoja wa gari na waya wa umeme upite mwingine.

Jambo jingine lilimfanya mzee asimame kabisa. Kijana alisimulia kwamba yule fundi wa kwanza, kuthibitisha kwamba alteneta ni nzima, alichomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma. Ni mchezo wa mafundi wa zamani, na magari ya zamani yaliustahimili. Katika gari la sasa, betri ndiyo inayomeza mipigo ya umeme kutoka kwenye alteneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka juu na kontrol boksi inaweza kuungua pale pale. Sisi tuliponea. Ukimwona fundi ananyoosha spana kuelekea betri na injini inawaka, mshike mkono.

Foleni ndiyo mtihani

Nilidhani tukirekebisha waya tumemaliza. Mzee akaniuliza gari linatembea wapi. Nikamjibu: shule, kazini, sokoni, na jioni foleni. Akacheka.

Alteneta hutoa ampea zake zote injini ikizunguka kwa kasi. Kwenye foleni, injini iko kwenye sailensa, na alteneta ya ampea 80 inaweza kutoa nusu tu, ampea 40 hivi au pungufu. Kwa makadirio yake, injini yenyewe inachukua 10, taa za mbele na nyuma 10, feni za kiyoyozi na rejeta 20. Pampu imekwisha hapo, na mvua haijanyesha ukawasha waipa. Muziki wote unaopiga Mandela Road saa moja usiku, gari likiwa limesimama, unatoka kwenye simtanki.

Besi haipigi mfululizo, kwa hiyo amplifaya ya ampea 40 ikipigwa kwa nguvu huvuta kama theluthi kwa wastani, tuseme 13. Foleni ya saa mbili ni ampea-saa 26. Unafika nyumbani betri imebaki chini ya nusu, unazima, asubuhi unaendesha dakika 15 kwenda shule na hiyo haitoshi kuijaza. Betri za kawaida za kuwashia gari hazikutengenezwa kushuka na kupanda namna hiyo. Zikishushwa mara kwa mara sahani zake huganda salfeti na hazikubali tena chaji. Ongeza joto la Dar es Salaam, ambalo nalo hulifupisha betri maisha. Miezi minane ni mingi.

Hivyo kanuni tuliyokubaliana nyumbani ni ya kiuchumi kama bajeti ya jikoni: kwenye foleni muziki unateremshwa, na gari likizimwa muziki unazimwa. Wale wanaofungua milango yote pale Coco Beach Jumapili na kucheza saa tatu bila injini, wawe na mtu wa kuwabusti.

Jirani mmoja alitushauri tununue kapasita, lile kopo linalong'aa lenye namba za buluu, akisema litamaliza taa kupepesa. Mzee alipiga hesabu hii pia. Kapasita ya faradi 1 ikishuka kutoka volti 14.4 hadi 12.6 inatoa juli 24 hivi. Amplifaya inayovuta wati 500 inazimaliza ndani ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Inaweza kulainisha ncha ya mpigo mmoja wa besi, lakini haitengenezi umeme. Ikishatoa, inaomba tena kwenye alteneta ile ile iliyochoka.

Kinachosaidia kweli, kabla hujafikiria alteneta kubwa au betri ya pili, ni waya tatu ambazo gari lilikuja nazo na ambazo huwa zimechakaa: wa kutoka alteneta kwenda chanya ya betri, wa hasi ya betri kwenda kwenye bodi, na wa injini kwenda kwenye bodi. Kuzinenepesha hizo na kusafisha vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe ni kazi ya saa moja, na taa zetu ziliacha kupepesa kwa hilo pekee. Mwenye hamu ya muziki wa kutikisa ukuta aanze na alteneta kubwa, kisha betri. Betri ya pili bila alteneta ya kuijaza ni simtanki la pili kwenye mtaa usio na maji.

Wenye magari ya haiburidi, zile nyaya nene za rangi ya machungwa msiziguse wala fundi wenu asiziguse. Zina volti za kuua. Muziki unatumia betri ndogo ya volti 12 tu, na kwenye magari hayo ni ndogo kweli.

Tulivyomaliza

Kazi ya kurekebisha ilichukua siku nzima. Waya mpya ni wa namba 4, milimita 21 za mraba, wa shaba tupu. Mzee alikwenda mwenyewe Gerezani, Kariakoo, kuununua, akaukwangua dukani kwa kisu mbele ya muuzaji. Nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba. Ndani ni nyeupe, na hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Fyuzi ya ampea 50 ilikaa shubiri moja na nusu kutoka kwenye betri. Tundu la bati likavalishwa mpira, waya ukavalishwa bomba la plastiki. Mwekundu na njano vikatenganishwa. Kabla ya kugusa chochote alifungua hasi kwanza, na alipomaliza akaifunga hasi mwisho.

Alirudia pia kipimo chake cha usiku. Testa ilisoma 0.03.

Sabufa tuliibakiza, lakini si bila mjadala. Ilikuwa ina koili mbili za omu 4, na fundi wa kwanza aliziunganisha sambamba zikawa omu 2, wakati amplifaya imeandikwa kabisa kwamba ikiungwa daraja mwisho wake ni omu 4. Ndiyo maana ilikuwa inachemka mpaka haigusiki. Mzee aliziunganisha kwa kufuatana, zikawa omu 8. Besi imepungua kidogo. Kijana analalamika, mimi sioni tofauti, na kuku wa jirani wametulia.

Betri ya zamani haikushika chaji, tukanunua nyingine. Gharama tuligawana: nusu baba mtu, nusu kijana, naye alilipa bila maneno. Wamerudi kusalimiana. Juzi niliwakuta wote wawili vichwa vimo ndani ya boneti, baba mtu akiuliza hasi ni ipi. Nilichonunua mimi ni mtungi mdogo wa kuzimia moto wa unga mkavu, uko chini ya kiti cha mbele, na kile kidude cha kuchaji simu kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari na kuonyesha volti kwa namba nyekundu.

Bibi ndiye aliyekishika zaidi. Hawezi kufunga mkanda kabla hajaambiwa kinasoma ngapi. Alhamisi tulipompeleka kliniki, kijana akiwa dereva, ufunguo ulipowashwa kilisoma 12.5, na injini iliposhika kikapanda 14.1.

"Hiyo ya juu au ya chini?" akauliza.

"Nzuri, bibi," kijana akamjibu.

"Haya, twende. Na huo muziki uwe mdogo, presha yangu haijapimwa bado."